Je, wajua kwa nini mtoto anayetolewa nje ya darasa kila siku haachi fujo?

Saa tatu na nusu asubuhi, kipindi cha hisabati, darasa la nne, shule yoyote ya msingi pale Dodoma mjini. Kwenye dawati moja wamebanana watatu. Mwalimu anaandika ubaoni hesabu ya kugawanya kwa njia ndefu. Hajafika mstari wa tatu, kijana wa nyuma kabisa amekwishampokonya mwenzake rula na kuigeuza fimbo ya ngoma. Darasa linacheka. "Wewe! Toka nje!" Kijana anatoka, anakaa chini ya mwarobaini na kuchora mchangani kwa kijiti mpaka kengele inalia. Kesho yake hesabu ni zilezile, na ngoma ni ileile.

Ofisini walimu watasema huyu ni sugu. Mchambuzi wa tabia, yaani mtaalamu anayechunguza kwa nini mtu hurudia tendo fulani, angeuliza: ile ngoma inamlipa nini?

Malipo yako palepale chini ya mwarobaini. Kijana hajui kugawanya, na kila akipiga rula anaepushwa na hesabu. Mwalimu anadhani anaadhibu, kumbe analipa mshahara.

Hoja hii, kwamba tabia inayolipa hurudiwa, ina umri. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alieleza jinsi alivyofungia paka kwenye vizimba. Paka alihangaika hadi akafungua mlango kwa bahati, akatoka na kula. Kila aliporudishwa, muda wa kutoka ulizidi kupungua. B. F. Skinner akaiendeleza hoja hiyo kwa panya na njiwa, na mwaka 1968 Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley wakaeleza misingi ya taaluma inayoitwa uchambuzi tumizi wa tabia: kutoka maabara, kuingia darasani na nyumbani.

Kifaa chake kikuu ni daftari la safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Safu ya katikati ndiyo ngumu, kwa sababu mkono wa mwalimu unataka kuandika "mtundu" au "hana adabu". Hizo ni hukumu, hazihesabiki. Andika "kapiga dawati mara sita ndani ya dakika kumi." Baada ya wiki moja daftari linaanza kusema lenyewe. Kipindi cha Kiswahili ametulia, na akitumwa kuchota maji ni wa kwanza kuinuka. Ngoma inasikika penye hesabu za kugawanya tu.

Kwa kawaida tabia humlipa mtoto kwa njia nne: anaangaliwa na watu, anakwepa jambo, anapata kitu anachokitaka, au mwili wenyewe unaburudika, kama anayetikisa mguu bila kujijua. Watoto wawili wanaweza kupiga rula kwa mtindo mmoja huku malipo yao ni tofauti. Yule wa kwanza ukimtoa nje anashukuru moyoni. Wa pili atakuja dirishani kuwachekesha wenzake, maana anachotafuta ni macho yao. Ndiyo maana adhabu moja kwa wote ni kama kugawa panadoli kwa kila anayeingia zahanati.

Sasa afanyeje? Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walichapisha kazi yao na watoto wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa wakifanya fujo. Waliwafundisha kusema kwa maneno kile ambacho fujo ilikuwa ikiwapatia: anayekwepa kazi ngumu alifundishwa kueleza kwamba hajaelewa ili asaidiwe, na anayetaka kuangaliwa kuuliza kama kazi yake ni nzuri. Fujo ikapungua sana. Kijana wetu naye afundishwe kunyoosha mkono na kusema "Mwalimu, hapa nimekwama", apewe hesabu tatu badala ya kumi, mbili kati yake awe anaziweza. Mwalimu mwenye watoto themanini atanicheka, na ana haki. Lakini kumfikia haraka anaponyoosha mkono ni kazi ndogo kuliko kumfukuza kila siku.

Siku za kwanza hali huweza kuwa mbaya zaidi. Ukifungua bomba likatoa hewa tupu huondoki mara moja: unalizungusha mpaka mwisho, unalipiga na kofi. Mtoto ambaye fujo yake imeacha kulipa naye huongeza nguvu kwanza. Hatari ni kulegea hapo. Mama pale soko la Majengo akikataa kununua ubuyu mara tisa na kukubali mara ya kumi, amemfundisha mwanawe kulia mara kumi.

Kwa darasa zima kuna mchezo uliojaribiwa Kansas, Marekani, ukachapishwa mwaka 1969, nao ulikuwa kwa wanafunzi 24 wa darasa la nne. Darasa liligawanywa timu mbili, anayevunja kanuni akaisababishia timu yake alama ubaoni. Timu yenye alama chache ilishinda, na zote mbili zingeweza kushinda alama zikiwa chache. Zawadi hazikuwa za fedha: mojawapo ilikuwa kutangulia kwenye foleni ya chakula. Mchezo uliposimamishwa, fujo ilirudi.

Na kiboko? Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kwa kijana huyu ni bei nafuu: sekunde chache za maumivu, badala ya dakika 40 za aibu mbele ya ubao. Na hajajifunza kugawanya. Uchambuzi wa tabia nao si malaika. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Ole Lovaas aliwatumia watoto wenye usonji makofi na hata shoti za umeme, na wapo watu wazima wenye usonji ambao hadi leo wanalalamikia taaluma hii kwa kuwalazimisha waonekane kama wengine.

Kabla ya kufungua daftari, mwalimu amwite kijana akae dawati la mbele siku mbili tatu. Ukanda huu, Kongwa hasa, umesumbuliwa na vikope, yaani ugonjwa wa macho wa trakoma, kwa miaka mingi, na macho yanayowasha hayasomi ubao. Aulize pia kama asubuhi amekula. Ikiwa yuko mbele, anaona, ameshiba na rula bado inalia, hapo ndipo safu zichorwe.