Jina moja, makasha matatu: dhana potofu kuhusu kuboresha kompyuta za mezani za mtumba

“OptiPlex 7050 ni OptiPlex 7050, iwe kubwa au ndogo.”

Hakuna dhana inayowagharimu wanunuzi wa mtumba kama hii. Dell waliitoa modeli hiyo ya kompyuta ya mezani mwaka 2017 kwa maumbo matatu: mnara, kasha jembamba lenye herufi SFF, na kadogo kaitwako Micro. Mnara na SFF zina sloti nne za RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR4 ya kawaida. Micro ina mbili tu, za RAM fupi za laptopu, haina sloti ya kadi ya grafiki, na hutumia adapta ya nje. Tangazo la dukani hutaja prosesa, i5 au i7, na RAM. Umbo mara nyingi halitajwi, ilhali ndilo linaloamua utaongeza nini kesho.

“Pawa saplai ikiwa ndogo, nitaweka ya wati 500.”

Wengi hukwama hapa. Pawa saplai ya mnara wa 7050 ni ya wati 240, ya SFF ni 180. Ubao mama wake haupokei plagi ya kawaida ya pini 24; Dell wametumia plagi yao wenyewe, na kompyuta nyingi za HP EliteDesk ziko hivyo pia. Kwenye mnara unaweza kununua waya wa kubadilishia plagi. Kwenye SFF hata waya haukusaidii, kwa sababu pawa saplai ya kawaida haiingii ndani ya kasha.

Kwa hiyo anza na umeme uliopo. Sloti ya grafiki hutoa wati 75 kwa juu kabisa. Kadi ya GT 1030 hula takriban 30, haina shida. Kadi ya GTX 1650, chagua ile isiyo na plagi ya pini 6 ya kuongezea umeme. Kwa SFF lazima kadi iwe fupi kwa kimo na ije na bamba lake fupi la chuma. Pima pia unene, maana nyingi hula nafasi ya sloti mbili.

“Soketi zikifanana, prosesa itawaka.”

Haiwaki. i7-8700 (kizazi cha 8) na i7-7700 (kizazi cha 7) zote ni za soketi ya LGA1151, lakini 7050 inakubali prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 peke yake. Na vizazi hivyo havimo katika orodha rasmi ya Windows 11, isipokuwa prosesa chache mno, huku msaada wa kawaida wa Windows 10 ukiwa umekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama bajeti inaruhusu, ongeza kidogo uchukue 7060 yenye kizazi cha 8. Fedha hiyo ina kazi kubwa kuliko kununua i7 ya zamani.

“RAM huongezwa kwenye kompyuta yoyote ya mezani.”

Mac mini ya 2014, kompyuta ndogo ya mezani ya Apple, RAM yake imechomelewa kwenye ubao mama; ya 2018 hubadilishwa; kuanzia M1 ya 2020 haibadilishwi tena. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, pengo lake liko mahali pengine. Usilazimishe.

“SSD ya M.2 ndiyo ya kununua siku zote.”

M.2 ni sloti ya SSD ndogo bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, na OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 haina sloti hiyo. Inunulie SSD ya SATA ya inchi 2.5, inayounganishwa kwa waya.