Ujenzi wa ulimwengu wa hadithi kwa pamoja: maana yake, na kwa nini msomaji huzama

Kujenga ulimwengu wa hadithi ni kuamua mambo ambayo ni kweli ndani ya hadithi hata pale ambapo hakuna tukio linalosimuliwa: nani anatawala, watu wanalipana kwa nini, wafu wanazikwa vipi, jambo gani haliwezekani kabisa. Kazi hiyo ikifanywa na watu wengi, kila mmoja akiandika kwa wakati wake na pengine wasijuane, huitwa ujenzi wa pamoja. Usanifu wa kuzamisha ni dhana ya jirani. Ni kupanga maandishi, picha, sauti na hata mahali pa kubofya ili msomaji asijihisi anasimuliwa, bali ajione yumo.

Wengi wakisikia habari ya kuzama hufikiria miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayomwonyesha mvaaji ulimwengu wa kompyuta. Miwani hushughulikia macho na masikio tu. Mtu anayeitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea" amekwisha kukubali kuzama kabla hajasikia kisa chenyewe. Anaukaribisha uongo akijua ni uongo, kwa sharti moja kwamba ukolee. Kulitimiza sharti hilo ndiyo kazi ya msanifu, awe na kompyuta ya mamilioni au ukurasa wa maandishi matupu.

Maandishi matupu ndiyo yaliyotupa mfano ulio bora zaidi wa kuchambua. Mwaka 2007 mtu asiyejitaja jina aliweka kwenye jukwaa la mtandaoni la 4chan kipande kifupi kilichoandikwa kama waraka wa siri, kikiwa na namba SCP-173 (SCP ni kifupi cha Special Containment Procedures, taratibu maalumu za kufungia). Wengine wakaandika nyaraka za kufanana nacho, na mwaka 2008 mradi ukahamia kwenye tovuti yake ya wiki, yaani tovuti inayoandikwa na wanachama wengi, ukajulikana kama SCP Foundation. Wazo la msingi ni jepesi: lipo shirika la siri linalokamata vitu visivyofuata kanuni za maumbile, likavifungia mbali na watu. Leo ulimwengu huo una maelfu ya makala kwa lugha kadhaa, na hauna mwandishi mkuu.

Kila makala hufuata fomu: namba ya kitu, daraja lake, taratibu za kukifungia, maelezo, kisha viambatisho kama kumbukumbu za majaribio au mahojiano. Anayejua barua za serikali ataitambua ladha yake: Kumb. Na. juu, YAH: katikati, muhuri chini. Barua ya namna hiyo haibembelezi iaminiwe. Ukavu wake humfanya msomaji aone nyuma yake ofisi yenye makabati ya mafaili, mlinzi getini na karani aliyechoka. Mwandishi hakuandika hata neno moja kuhusu ofisi hiyo. Msomaji ameijenga mwenyewe, na mtu ni mgumu kukishuku alichokijenga kwa mikono yake.

Mpangilio wa fomu nao una hila. Taratibu hutangulia maelezo. Katika SCP-173 unaambiwa kwanza kwamba wanaoingia chumbani wasipungue watatu, na kwamba waambizane kabla ya kupepesa macho. Hapo bado hujui mle ndani mna nini. Ukifika kwenye maelezo unakuta sanamu ya zege na nondo ambayo haisogei ikitazamwa, na isipotazamwa huua kwa kuvunja shingo. Ugeuze mpangilio huo, uanze na sanamu ndipo uje na kanuni, utabaki na kisa cha zimwi. Si lazima kiwe kibaya, ila msomaji amenyimwa zile sekunde za kujiuliza kwa nini watatu, na hofu ilikuwa inapikwa ndani ya sekunde hizo.

Madaraja huwachanganya wageni. Safe, Euclid na Keter hayapimi hatari ya kitu, yanapima ugumu wa kukifungia. Waandishi hufundishana kwa mfano wa sanduku: kitie ndani, funga, ondoka. Kama hakuna baya litakalotokea, ni Safe. Kama huna hakika litatokea nini, ni Euclid. Kama kitatoka tu, ni Keter. Kwa hesabu hiyo, kitufe cha kuangamiza dunia ambacho hakifanyi lolote mpaka kibonyezwe ni Safe. Anayeanza hukimbilia Keter akidhani ukubwa wa hatari ndio ukubwa wa hadithi. Wazoefu wanajua kwamba daraja la chini likiwekwa juu ya kitu cha kutisha humsumbua msomaji zaidi.

Halafu kuna kufuta maneno kwa wino mweusi, mbinu inayoharibiwa kuliko zote. Anayefuta lazima awe na sababu ndani ya hadithi. Jina la mji hufutwa kwa kuwa lingewapeleka watu huko. Urefu wa kitu kwa sentimita haufutwi, kwa kuwa haumfai adui kwa lolote. Mwandishi akifuta tukio zima la kilele kwa sababu alishindwa kulieleza, wasomaji humgundua papo hapo, kama mlaji anavyogundua pilipili iliyozidishwa kuficha mchuzi ulioungua.

Sasa tuje kwa wengi. Mtu angedhani kazi ngumu ni kuwafanya waandishi wakubaliane juu ya historia ya ulimwengu wao. Jumuiya hii ilikata shauri kinyume: hakuna toleo moja rasmi. Makala mbili zikipingana, zote zinabaki. Namba 001 ndiyo mfano uliokithiri, kwani ina mapendekezo mengi ya waandishi tofauti, kila moja likieleza asili ya mambo kivyake, na ndani ya hadithi yenyewe kisingizio ni kwamba mafaili ya uongo yamewekwa makusudi kulificha lile la kweli. Sungura na Fisi wameishi hivyo hivyo miaka yote. Sungura aliyeliwa katika ngano ya jana leo yuko kisimani anawahadaa wanyama wengine, na hakuna mtoto anayedai maelezo.

Kisichoachwa huru ni fomu na ubora. Wanachama huipigia kila makala kura ya kuongeza au ya kupunguza, na inayoshuka hadi hasi 10 huingia katika utaratibu wa kufutwa, namba yake ikawa wazi kwa mwingine. Watu wengi wanaoanzisha miradi ya pamoja hupanga kinyume chake. Huandika historia ya miaka elfu na kumtaka kila mtu aifuate, kisha huacha kila mtu aandike kwa mtindo anaoutaka na hawathubutu kukataa kazi ya rafiki. Matokeo ni ulimwengu ambao tarehe zake zote zinalingana na ambao hakuna anayetamani kuusoma.

Ukitaka kuanzisha wa kwako na wenzako watano hadi wanane, amua kwanza ulimwengu huo unasema kwa sauti ya nani. Daftari la zahanati? Ratiba na matangazo ya boti? Kumbukumbu za mikutano ya kijiji? Chagua aina moja ya maandishi ambayo wote mmeishika mkononi katika maisha ya kawaida, kwa sababu mtaiigiza bila kubahatisha. Kisha mtu mmoja au wawili waandike makala tatu kamili zinazotofautiana kwa makusudi: moja ya kutisha, moja ya kuchekesha, moja ya huzuni. Makala tatu humfundisha mgeni haraka kuliko kurasa thelathini za maelekezo, nazo humwonyesha upana wa fomu. Zikifanana zote, ya nne na ya hamsini zitafanana nazo.

Mwongozo uwe ukurasa mmoja wenye mafungu matatu. La kwanza ni mambo yasiyoguswa, yasizidi saba. La pili ni yaliyo wazi, yaani yale ambayo mwandishi yeyote anaruhusiwa kuyaamua: majina ya mitaa, koo, vyakula, ajali za zamani. La tatu ni mambo mawili au matatu yasiyojibiwa kamwe. Fungu hili la tatu ndilo husahaulika, na ndilo huzamisha. Kama boti ya saa tisa hurudi kila siku na abiria mmoja zaidi, waandishi wanaweza kumtaja abiria huyo mara arobaini, wakamtazama, wakambishia nauli, lakini siku mmoja wao atakapoeleza alikotoka, makala zote arobaini zitapoteza uzito kwa mpigo.

Uandishi wenyewe upite hatua tatu. Mwandishi alete wazo kwa sentensi mbili. Wazo lisilosimama kwa sentensi mbili halitasimama kwa kurasa mbili. Wazo likikubaliwa apewe namba, na asipoleta rasimu ndani ya siku 14 namba irudi kundini, la sivyo baada ya miezi mitatu mtakuwa na orodha ndefu ya namba zilizoshikwa na watu waliokwisha kuhama. Rasimu isomwe na wawili, mmoja anayeujua ulimwengu wenu na mmoja asiyeujua. Wa kwanza hukamata mikanganyiko, wa pili hukamata mahali ambapo mmezoea kiasi cha kuacha kueleza.

Kumbukumbu ziwekwe kwenye jedwali la pamoja lenye safu nne tu: jina, ni nini, makala iliyolitaja kwanza, na nani aliyeongeza. Grupu la WhatsApp linafaa kwa gumzo, si kwa ghala. Ujumbe huhaririwa ndani ya dakika 15 tu, na uamuzi wa Jumanne huwa umefunikwa na salamu kufikia Alhamisi. Tumieni hati ya mtandaoni inayotunza matoleo ya nyuma, ili mtu akifuta aya ya mwenzake muweze kuirudisha bila ugomvi.

Mambo huharibika kwa njia zinazojirudia. Ya kwanza ni kupandisha dau. Mmoja ameandika kiumbe kinachoua mtu, wa pili anaandika kinachoua mji, wa tatu kinachomeza jua, na wa nne hana pa kwenda. Dawa ni kuweka dari kwenye mambo yasiyoguswa, kwa mfano kwamba hakuna tukio linaloathiri zaidi ya watu ishirini. Ya pili ni waandishi kujiingiza. SCP Foundation ilipitia hali hiyo miaka yake ya mwanzo, pale waandishi walipojiandika kama madaktari hodari wenye vituko, na shirika lililopaswa kuwa baridi likafanana na kijiwe cha marafiki. Utani wa ndani huwafurahisha kumi waliokuwepo na kumfungia mlango wa elfu anayefuata. Ya tatu ni mwanzilishi kugeuka mfalme. Asipokuwepo, hakuna anayethubutu kuamua, na ulimwengu hulala.

Upo mtindo mwingine ambapo wasomaji hawaandiki makala, bali hutegua mafumbo. Mwaka 2001, kutangaza filamu ya Steven Spielberg, timu ya Microsoft ilificha hadithi kwenye tovuti zilizoonekana za kawaida. Mlango ulikuwa jina moja kwenye orodha ya waliotengeneza filamu, lenye kazi isiyokuwepo duniani: tabibu wa mashine zenye hisia. Aliyelitafuta jina hilo mtandaoni aliangukia kwenye ulimwengu mzima. Wachezaji waliunda kundi la Cloudmakers lililopita watu 7,000, na mafumbo yaliyotarajiwa kuchukua muda mrefu wakayamaliza upesi mno, hata waandishi wakalazimika kuandika huku mchezo unaendelea. Ndivyo ilivyo kila mara umati unapokuwa upande wa pili: kati yao yupo anayejua kemia, anayesoma noti za muziki, asiyelala. Panga mafumbo yanayohitaji watu wa aina tofauti, na uwe na sehemu ya pili tayari kabla ya kuweka ya kwanza.

Mtindo huo uliendeshwa kwa kanuni ya kutokiri kamwe kwamba ni mchezo. Inazamisha sana, nasi hatuipendekezi bila mlango wa kutokea. Slender Man, kiumbe kirefu kisicho na uso, alibuniwa mwaka 2009 katika shindano la picha kwenye jukwaa la mtandaoni, kisha maelfu wakamwongezea visa. Mwaka 2014 huko Waukesha, Wisconsin, watoto wawili wa miaka 12 walimchoma kisu mwenzao wakiamini wanamtumikia. Aliyechomwa alinusurika. Ukurasa mmoja usemao wazi kwamba hii ni kazi ya kubuni, wenye kiungo chini ya kila makala, haumtoi msomaji aliye mtu mzima kwenye hadithi, naye mtoto anapata mahali pa kuuliza.

Kabla hamjachapisha chochote, amueni leseni. SCP Foundation hutumia Creative Commons ya kutaja mwandishi na kushiriki kwa masharti yale yale, CC BY-SA 3.0. Kwa hiyo yeyote anaweza kutengeneza mchezo au filamu kutokana na makala, hata wa kuuzwa, mradi awataje waandishi na aitoe kazi yake kwa leseni hiyo hiyo. Mwandishi asiyekubali hilo aambiwe mapema, maana kuchomoa makala moja ambayo nyingine ishirini zinaitegemea ni kama kuvuta tofali la chini.

Picha ndizo huleta tabu zaidi. Iliyoambatana na SCP-173 ilionyesha sanamu ya msanii wa Japani, Izumi Kato, na ilichukuliwa bila ruhusa. Kato baadaye aliivumilia kwa sharti kwamba isitumike kibiashara, sharti lisilopatana na leseni ya tovuti. Mwaka 2022 picha iliondolewa. Makala haikupewa picha nyingine, na wanaoingia chumbani bado hawapungui watatu.