Je, wajua kwa nini leza ya macho hufuata ramani ya kila jicho?

Leza ya macho ni tiba inayorekebisha uoni ili mtu apunguze kutegemea miwani. Lakini watu wawili wanaweza kuvaa miwani ya namba ileile na bado wasione sawa usiku. Mmoja huiona taa ya mbali kama nukta, mwenzake huiona imetawanya miali pande zote. Namba ya miwani hutaja kasoro kubwa tu: kutoona mbali, kutoona karibu na astigmatizimu, yaani ukungu unaotokana na jicho kupinda isivyo sawa pande zote. Kasoro ndogondogo za umbo la jicho haizitaji kabisa, na hizo hazifanani kwa watu wawili.

Ili kuzinasa, mashine hupeleka mwanga hafifu ndani ya jicho. Mwanga huo huakisiwa na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ukitoka hupita kwenye safu ya lenzi ndogo sana. Jicho lingekuwa kamilifu, vidoa vya mwanga vingejipanga sawasawa. Kidoa kilichosogea huonyesha mahali penye hitilafu, na vidoa vyote pamoja ndivyo hutoa ramani ya jicho. Nalipenda sana jambo hili: mbinu yenyewe ilianzia kwenye darubini za kutazamia nyota.

Ramani ikishapatikana, leza huchonga konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho wenye unene wa karibu nusu milimita. Kila pigo huondoa takriban robo ya mikroni, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Mwanga wake ni urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, usiounguza tishu za jirani. Wanasayansi wa kampuni ya kompyuta ya IBM nchini Marekani waliugundua uwezo huo mwaka 1981, wakijaribu leza hiyo kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu.

Kuna kikwazo ambacho wengi hawakijui. Mtu akilala chali, jicho huzunguka kidogo, hivyo ramani iliyopimwa akiwa ameketi huweza kukaa upande. Mashine nyingi za sasa huisoma michirizi ya sehemu yenye rangi ya jicho, kisha huizungusha ramani iendane nayo.

Si kila mtu anahitaji leza inayofuata ramani, kwa maoni yangu. Mwenye kasoro ndogondogo chache huenda asione tofauti na leza ya kawaida, inayofuata namba ya miwani tu. Na mwenye konea nyembamba mno, au inayochongoka, haifai achongwe hata ramani iwe nzuri vipi, kwa sababu konea iliyodhoofika huzidi kubinuka na kuharibu uoni.