Je wajua kwa nini football ya Marekani mpira unarushwa mbele kwa mkono?

Kama unafuatilia raga unajua kurusha mpira mbele kwa mkono ni kosa, lazima upasie nyuma. Sasa football ya Wamarekani imetokana na raga hiyohiyo na mwanzoni nayo ilikuwa hivyohivyo, kurusha mbele marufuku. Kilichobadilisha ni vifo, tena vya vijana wadogo wa shule na vyuo.

Enzi hizo timu ilikuwa inapewa nafasi 3 kusogeza mpira yadi 5 tu, yani kama mita nne na nusu hivi. Kwa umbali huo nani ahangaike kuzunguka pembeni? Wachezaji walikuwa wanashikana mikono, wanabanana wanakuwa ukuta, mwenye mpira anafichwa katikati alafu wote kwa pamoja wanamvamia mpinzani mmoja aliyesimama mbele yao. Helmeti haikuwa lazima. Mtu akianguka wanarundikana juu yake, na kule chini ya rundo ngumi na mateke refa hazioni.

Msimu wa 1905 ukaisha na vifo visivyopungua 18. Rais Theodore Roosevelt aliupenda sana huu mchezo, mwezi wa 10 akawaita Ikulu watu wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton akawaambia wausafishe, lakini wapi, mwanae mwenyewe akaja kuvunjwa pua akiichezea timu ya mwaka wa kwanza ya Harvard. Tarehe 25 Novemba ndio ikawa basi tena, Harold Moore wa Union College aliumia kichwa wakicheza na New York University na akafariki siku hiyohiyo. Mkuu wa NYU, Henry MacCracken, akaita vyuo vingine wakae kikao, na humo ndimo ilipozaliwa taasisi inayoitwa NCAA leo, inayosimamia michezo ya vyuo Marekani. Columbia wao waliufuta kabisa, Stanford wakahamia raga.

Sheria mpya za 1906 zikasema nafasi ni zilezile 3 ila sasa usogeze yadi 10, na ruksa kurusha mbele. Lengo lilikuwa kuwatawanya watu uwanjani lile rundo life. Ila pasi ilikuwa na masharti magumu, ikidondoka bila kuguswa na mtu mpira unaenda kwa wapinzani, kwa hiyo makocha wengi waliiogopa.

Eddie Cochems wa Saint Louis University hakuiogopa. Tarehe 5 Septemba 1906 kule Waukesha, Wisconsin, wakicheza na Carroll College, kijana wake Bradbury Robinson akarusha, ikadondoka, mpira ukachukuliwa. Baadaye akarusha tena, kama yadi 20, Jack Schneider akaudaka na kufunga! Msimu ule walishinda mechi zote 11, wakafunga pointi 407 na kufungwa 11 tu.

Vifo havikuisha hapohapo lakini. 1909 vikapanda tena, na 1910 ndio wakapiga marufuku kushikana mikono na kumsukuma mwenye mpira.