Ramani ya hatari ya tetemeko huchorwa na nani?

Ardhi ikitikisika Arusha, hata kama ni vikombe tu vimegongana kabatini, swali la kwanza tunaloulizwa sisi tunaofundisha somo la matetemeko ni moja: lingine linakuja lini? Jibu letu ni fupi na halimfurahishi mtu. Hakuna anayejua, si hapa wala Japani. Njia iliyothibitishwa ya kutaja siku na saa ya tetemeko haipo. Kinachokokotoleka ni kitu kingine: mahali fulani, katika kipindi fulani cha miaka, kuna uwezekano gani wa ardhi kutikisika kwa nguvu kiasi gani. Hesabu hiyo ndiyo huzaa ramani za hatari, humsaidia mhandisi kuamua nguzo ya ghorofa ibebe nondo kiasi gani, na ndiyo tunayotaka wanasayansi wetu vijana waimudu.

Wengi hudhani mafunzo hayo ni kukaa mbele ya kompyuta na kujifunza programu. Programu ndiyo sehemu rahisi. OpenQuake, inayotengenezwa na taasisi ya GEM ya Pavia, Italia, hutolewa bure, na kijana aliyesoma fizikia au jiolojia haichukui muda mrefu kuizoea. Akibonyeza, inatoka ramani nyekundu huku na njano kule, nzuri hata ya kutundika ofisini. Tabu ni kwamba kompyuta haikatai takwimu mbovu. Ukiipa orodha ya matetemeko yenye makosa itakuchorea ramani ile ile nzuri, na aliyeipokea hatajua.

Kwa hiyo tunaanza na orodha, na ndani ya orodha tunaanza na saa. Julai 17, 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitokea karibu na mlima Gelai, jirani na Ziwa Natron, likasikika Arusha na hata Nairobi. Ilikuwa saa 11 na dakika 10 jioni. Vituo vya kimataifa huandika kwa saa za Greenwich, hivyo kwao ni 14:10. Mfugaji wa Longido atakwambia saa kumi na moja, na hajakosea. Mwanafunzi asiyekaa chonjo ataandika 11:00, mwenzake ataandika 17:10, wa tatu atachukua ile ya kimataifa, na tetemeko moja linageuka matatu. Mkisambaza kosa hilo kwenye kumbukumbu za miaka mia, wilaya nzima inaonekana ya hatari kuliko ilivyo.

Tetemeko lile la Gelai tunalitumia sana darasani kwa sababu ya jambo lingine. Halikuja peke yake. Mitetemo ilianza siku kadhaa kabla yake na ikaendelea kwa wiki, mingine mikubwa kiasi cha kuwatoa watu nje. Picha za rada za satelaiti zilipochambuliwa zilionyesha kilichokuwa kikiendelea chini: sehemu ya mwamba iliteleza polepole bila kishindo, kisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikajipenyeza kwenye mpasuko na kuisukuma ardhi pande mbili. Mapema Septemba mwaka huo huo Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano wa jirani, ukalipuka na kurusha majivu.

Sasa, kanuni za kawaida za ukokotoaji hutaka orodha ichujwe kwanza. Tetemeko kuu linabaki, yale madogo yaliyolifuata yanaondolewa, maana yasipoondolewa yatahesabiwa kana kwamba kila moja lilizuka lenyewe. Kanuni ya kuchuja inayotumika sana ni ya Gardner na Knopoff ya mwaka 1974, na ilitokana na matetemeko ya kusini mwa California. Ukiipitisha kwenye orodha ya Natron inafyeka karibu kila kitu na kukuachia lile la 5.9. Lakini pale hapakuwa na tetemeko kuu na wafuasi wake. Palikuwa na magma inayotembea. Je, uyafute? Ukiyaacha yote, Natron inawaka nyekundu. Ukiyafuta, inapoa mno. Mwanafunzi huchora ramani mbili, kisha huandika kurasa mbili kutetea moja mbele ya wenzake. Jibu la mwalimu halipo. Wapo wanaokasirika kwa hilo, na binafsi huwa nawaona hao ndio watakaofika mbali.

Halafu kuna ufupi wa kumbukumbu zenyewe. Vyombo vya kupima mitetemo vina umri wa zaidi kidogo ya karne moja duniani, na kwetu viko vichache hadi leo. Katika muda huo tumeona Rukwa mwaka 1910, ukubwa wa takriban 7.4, tetemeko kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika Mashariki katika karne iliyopita. Mbulu mwaka 1964, takriban 6.4, na Kagera Septemba 10, 2016, 5.9 tu, lakini liliua watu wasiopungua 16 na kubomoa maelfu ya nyumba, nyingi za tofali zisizo na nondo wala mkanda wa zege juu ya madirisha. Mtu akisema kijiji chake hakijawahi kupata tetemeko kubwa, anazungumzia kumbukumbu ya babu yake. Mwamba una kumbukumbu ndefu zaidi. Ule ukuta unaoupanda ukitoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, huku Ziwa Manyara likibaki chini, ulijengwa na ardhi iliyoshuka kidogo kidogo, tetemeko baada ya tetemeko, kwa muda mrefu mno. Vipokezi vya GPS vinaonyesha bonde la ufa huku kwetu bado linapanuka, milimita chache kwa mwaka. Kijana anafundishwa kubadili milimita hizo kuwa matetemeko, kisha anakumbushwa Gelai: sehemu ya mwendo ule humalizwa na magma na kuteleza kimyakimya, na haifiki kuwa tetemeko. Kuhesabu milimita zote ni kutia chumvi.

Namba inayowapa watu tabu kuliko zote ni 475. Ramani nyingi za ujenzi huonyesha mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 wa kuzidiwa ndani ya miaka 50, yaani umri wa jengo la kawaida. Ukilipiga hesabu hilo, unapata wastani wa mara moja kwa miaka 475. Basi mtu anasikia 475 na kudhani kuna kalenda: lilikuja juzi, tupumzike karne nne. Hapana. Linaweza kuja leo na kurudi baada ya miaka 20. Tunawalazimisha wanafunzi walieleze hilo kwa Kiswahili, bila ubao, kwa mtu asiye mwanasayansi. Hapo ndipo wengi wenye alama nzuri hukwama.

Baada ya chanzo cha tetemeko kuna njia ambayo mtikisiko unapita, na baada ya njia kuna udongo. Milinganyo inayokadiria mtikisiko unavyopungua kadiri unavyokwenda mbali na kitovu imetokana zaidi na rekodi za California, Italia, Uturuki na Japani, kwa kuwa huko ndiko vyombo vimejaa. Tunaiazima, hatuna namna, ila anayeiazima ajue ameazima. Udongo hauazimiki. Arusha imekaa kwenye miguu ya Meru, juu ya majivu na tope la volkano la zama tofauti, na udongo laini hukuza mtikisiko. Vijana huzunguka mitaani na kipimo kidogo, wanakiweka chini, kinasikiliza mtetemo wa kawaida wa mji kwa nusu saa hivi, kisha grafu inaonyesha udongo wa pale unapenda kutikisika kwa kasi gani. Kilele kipana ni udongo. Kilele chembamba kama sindano, kwa kawaida ni mashine ya kusaga ya jirani. Hilo huwezi kulijua ukiwa umekaa maabara. Inabidi uende ukamwombe mwenye mashine azime kidogo, naye akuulize unatafuta nini.

Na tsunami? Huulizwa sana: mko mamia ya kilomita kutoka baharini, ya nini? Sababu ni kwamba ni nchi moja, na kijana anayesoma huku kesho atafanya kazi Dar es Salaam au Zanzibar. Desemba 26, 2004 tetemeko la Sumatra, ukubwa wa 9.1, lilitokea usiku wetu, kabla ya saa 10 alfajiri. Wimbi lilifika Zanzibar baada ya muda wa karibu saa 9, mchana kweupe, na watu wasiopungua 10 wakafa Tanzania. Tulikuwa na saa 9 na hapakuwa na wa kutuambia. Sasa upo mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi. Australia, India na Indonesia hutoa taarifa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huzipokea kwa niaba yetu.

Hesabu ya mwendo ni nyepesi: kwenye kina cha mita 4,000 wimbi hukimbia kilomita 700 hivi kwa saa. Kugumu ni ufukweni. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo bahari ilikuwa ya bamvu, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na wimbi lilitukuta maji yakiwa chini. Kwenye mwambao wetu tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvu hupita mita 3. Mwanafunzi anaichukua tsunami ile ile, anaisogeza saa chache mbele hadi maji yamejaa, na kuangalia yanaingia wapi. Zoezi hilo linahitaji vipimo vya kina cha maji karibu na pwani, na hapo data zetu ni haba. Tetemeko la Agosti 12, 2020 baharini, kusini mwa Dar es Salaam, ukubwa wa takriban 6, halikuleta wimbi la madhara. Lilitukumbusha tu kwamba chanzo si lazima kiwe Sumatra, na kikiwa jirani saa 9 hazipo.

Kozi fupi za nje ni nzuri. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, kilichoasisiwa na mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964, kimewafundisha wanasayansi wengi wa nchi kama yetu. Lakini wiki mbili na cheti hazitoshi kama anaporudi hakuna kituo kinachorekodi. Betri ikifa au paneli ya sola ikiibwa, kituo kinalala, na miezi ile haitarudi. Wafadhili hupenda kulipia semina. Fundi wa kubadilisha betri hana mfadhili.

Tetemeko likikupata, andika mara moja ulipokuwa, saa (na useme kama ni ya asubuhi, mchana au usiku), ulikuwa ghorofa ya ngapi, nini kilianguka, ukuta umepasuka upande gani. Kijana akija mlangoni baadaye na daftari, mpe hivyo hivyo ulivyoandika. Kama hukusikia kitu, mwambie pia; nyumba iliyolala usingizi nayo ni takwimu.