Kupaka risasi mafuta hakutibu chemba yenye mikwaruzo

Miongoni mwa wamiliki halali wa bunduki za kuwindia huko Kilwa, mkoani Lindi, wengi huamini kwamba ganda la risasi linapong'ang'ania ndani ya bunduki baada ya kufyatua, dawa yake ni kuipaka risasi mafuta kabla ya kuipakia. Imani hiyo inaeleweka, kwani mafuta hulainisha bawaba na mnyororo wa baiskeli, na huenda ganda likatoka kweli. Hata hivyo, baruti inapowaka, ganda la shaba hutanuka na kushika kuta za chemba, yaani tundu la bunduki inamokaa risasi, na mshiko huo hupunguza nguvu inayolisukuma komeo, chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, kuelekea usoni mwa mfyatuaji; mafuta huudhoofisha mshiko huo.

Mara nyingi kisa cha ganda kung'ang'ania ni chemba isiyosuguliwa vizuri ilipotengenezwa, au kutu, ambayo hewa ya chumvi ya pwani huichochea. Ligeuze ganda tupu taratibu juani, kisha ulipitishie ukucha: mikwaruzo inayojirudia mahali pale pale katika kila ganda inaelekeza kwenye chemba, si kwenye risasi. Msasa uliozungushwa kijitini, ambao binafsi nauogopa kuliko mafuta, huipanua chemba, na chuma kilicholika hakirudi. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye leseni.