Nyuki wa Tanga na uongo wa vita

Ukitaja mapigano ya Waingereza na Wajerumani pale Tanga, Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, hukosi mtu wa kukuambia kuhusu nyuki. Wajerumani, eti, walitundika mizinga porini wakaifunga kamba. Waingereza walipojikwaa, nyuki wakawamwagikia. Hadithi tamu, hasa kwa Kiswahili, maana mzinga ni wa asali na mzinga ni wa baruti.

Nyuki walikuwepo kweli. Lakini ni milio ya risasi iliyowachafua, nao hawakuchagua: waliuma pande zote mbili. Habari ya mtego ilivumishwa na walioshindwa, na si ajabu. Jeshi la Waingereza la watu kama 8,000 lilifukuzwa na watu wapatao 1,000, utamwelezaje mkubwa wako?

Kosa lilianzia baharini. Tarehe 2 manowari ya Waingereza, Fox, ilitia nanga, na nahodha wake akapeleka taarifa kuwa makubaliano ya kutoushambulia mji yamefutwa. Mwizi kapiga hodi! Wakati huohuo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa akileta askari kwa treni kutoka Moshi. Shambulio kubwa likaja tarehe 4, likifanywa zaidi na askari wa Kihindi waliochoshwa na wiki kadhaa za kubanana melini, katika vichaka ambavyo hakuna aliyevipeleleza vya kutosha. Kesho yake walirudi melini, wakaacha mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Lettow-Vorbeck aliendelea kupigana kwa silaha hizo.

Dhana nyingine: vita iliisha tarehe 11 Novemba 1918. Hiyo ni Ulaya. Tarehe 13 Lettow-Vorbeck alikuwa Kasama, Zambia ya leo, na aliweka silaha chini Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25.

Na wale wasemao ilikuwa vita ya wazungu tu, waulize Kariakoo ni nini. Si neno la soko. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, kilichopiga kambi pale Dar es Salaam. Nairobi nako jina limebaki. Wapagazi walibeba unga na risasi vichwani maana ndorobo, wale nzi waletao maradhi, waliwamaliza farasi na nyumbu. Inakadiriwa 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa vizuri hata kidogo.